Vitanda vya Watu Wasiopatikana

Nyumbani, 9 Februari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta na mifupa yako yote mahali pake. Sisi huku tunasukuma siku. Mama anakusalimu sana; goti lake limegoma tena, anapanda ngazi kwa makalio na kusema ndivyo wanavyopanda malkia. Kaka amehamishia godoro lake sebuleni kwa sababu dari ya chumbani inavuja juu ya mto wake. Yule jirani wa kukopa chumvi amehama, na bakuli letu limehama naye.

Najua simu yako imelala kwenye lile sanduku la getini, huko kambini mnakochimba handaki la mlimani, maana ulishaniambia kwamba baruti na simu havikai nyumba moja. Kwa hiyo naandika kwenye karatasi, dereva wa lori la chakula akuletee ndani.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu nimalize kozi ya kujenga tovuti nimejenga tatu. Ya kwanza inanihusu mimi, inaeleza ninaweza kazi gani. Ya pili ni ya duka la mikate ambalo halipo duniani, nilikuwa najizoeza. Ya tatu ni ya kweli. Ni ya Fundi Chaga, yule mtengeneza vitanda wa karibu na kituo cha mafuta. Nimemjengea bure, na tumeelewana hivi: wateja wakianza kuja kupitia simu, nitakuwa fundi wake wa tovuti, na atanipeleka kwa chama chao chote cha mafundi. Wasipokuja, tutakuwa tumeshikana mikono tu.

Shida yangu ni kwamba hakuna anayeniambia ukweli. Nimeweka linki kwenye kundi la wajenzi wa tovuti nikaomba maoni. Mmoja ameniwekea dole gumba, mwingine akaniuliza kama nauza simu. Mama amesema rangi imetulia. Kaka amesema "safi" kabla haijafunguka. Mwalimu wangu wa kozi aliahidi kuitazama, na bado anaahidi.

Wewe ndiye mtu pekee katika ukoo huu aliyemwambia bibi harusi ukumbini kwamba gauni amelivaa nyuma mbele. Ukitoka kwenda mapumzikoni na kupewa simu, naomba uifungue. Wape na wenzako. Mniambie hata kama kitaniuma, maana mficha uchi hazai. Mama ameshanitafutia nafasi kiwanda cha sabuni, kufunga maboksi, na wamekubali kunisubiri hadi mwisho wa Machi. Kiwanda si aibu. Ila najijua mimi, Mjomba. Nikiingia mle sitatoka.

Mpwa wako,
Sindano


Nyumba ya mapumziko, getini, 2 Machi

Sindano, mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie dada yangu kupanda ngazi kwa makalio ni sawa, lakini kushuka asijaribu, atavunja kiti cha enzi. Mimi nipo. Sikio la kushoto linaimba wimbo wake lenyewe, la kulia bado linasikia anayeita chakula. Mgongo nimeuacha ndani ya handaki, nitaukuta nikirudi. Mwenzetu mmoja wa zamu aliangukiwa na jiwe mguuni mwezi uliopita, amerudishwa kwao. Viatu vyake vimebaki, na watu wazima wanagombana nani mwenye mguu wa namba ile.

Tumetoka jana. Mlinzi amegawa simu, na tunazo siku chache tu, kisha tunazirudisha sandukuni mpaka mwisho wa mwezi wa nne. Kabla sijampigia mtu yeyote nimefungua tovuti yako. Umeomba ukweli, basi kaa uupokee kwa karatasi, maana kwenye simu ungenikatiza.

Kwanza, haikufunguka. Nilitazama weupe. Domo, mwenzangu wa mashine ya kutoboa mwamba, alichungulia begani kwangu akasema, "Mpwa wako amejenga ukuta akaupaka chokaa." Nikamwambia anyamaze, kazi ya kichwa haihitaji kelele. Tukanywa chai. Chai ikaisha. Ndipo kitanda kikaja, tena nusu. Nusu ya pili ilikuwa imetoka nje ya simu, ikabidi niisukume kwa kidole kama mtu anayehama nyumba.

Halafu kidole chenyewe. Ngozi yangu imeota sugu mpaka kioo cha simu hakinitambui. Natumia kifundo. Vitufe vyako umevitengeneza kwa ajili ya watu wa ofisini. Nilitaka kubonyeza bei nikabonyeza picha ya msumari. Na zile picha za juu zinazopita zenyewe, nani anazifukuza? Kila nikianza kusoma, imeshaondoka. Umeandika pia, "Karibu katika ulimwengu wa usingizi." Mpishi wetu akauliza, "Huyu anauza vitanda au makaburi?" Samahani, mwanangu. Wewe ndiye uliyetaka.

Namna ya kurekebisha hayo siijui hata moja. Mimi ni kama mgonjwa, nasema tu panapouma.

Lakini ilipotokea picha ya kile kitanda cha mbao nyekundu, watu walisogea. Sisi tunalala kwenye vyuma vya ghorofa. Wa juu akigeuka, wa chini anaota tetemeko la ardhi. Mpishi aliitazama ile picha mpaka simu ikazimika mwanga, akaniambia niiwashe tena.

Kesho nimewaambia wote waingie, kila mtu kwa simu yake. Unaijua kazi yetu, kamba haijaribiwi kwa macho. Unatundika mzigo halisi, unavuta mpaka mwisho, ndipo unamshusha mwenzako. Na tovuti yako tutaivuta hivyo hivyo. Wamefurahi kupewa kazi isiyo na vumbi.

Mjomba wako, vidole bado vyote


Nyumbani, 21 Machi

Mjomba, shikamoo, na tena shikamoo!

Mama hajambo kidogo, anatembea kwa fimbo ya ufagio na kutupiga nayo. Dari imezibwa, sasa inavuja mahali pengine.

Barua yako niliisoma nikalia, nikaisoma tena nikacheka, ya tatu nikakaa kazini. Picha nimezipunguza uzito. Vitufe nimevikuza, hata mtu wa kiwiko atabonyeza. Zile picha za kukimbia nimezifukuza moja kwa moja, na ulimwengu wa usingizi nimeufuta. Sasa pameandikwa tu: "Vitanda vya mbao. Bei hizi hapa."

Ila kabla hata barua yako haijanifikia, Mjomba, maombi ya vitanda yalikuwa yameanza kuingia! Karibu ishirini, mwanzoni mwa mwezi huu. Nilidhani simu imeharibika. Nilikuwa nimebandika linki kwenye kundi la watu wanaohamia nyumba mpya, nadhani imetembea. Wote wanataka kitanda cha mtu mmoja, wote watakuja kuchukua wenyewe, wote wanakihitaji mwisho wa Aprili. Wiki iliyofuata Fundi Chaga akawapigia, simu hazipatikani. Nikaingiwa na hofu, yeye akacheka. "Binti, hii ni kampuni inafungua bweni. Wafanyakazi wameambiwa kila mtu aagize chake. Wakubwa kama hao hawashiki simu ovyo."

Kilichomwaminisha zaidi ni walivyoandika. Mmoja ameandika: "Kiwe imara, mimi hulala kama mti ulioanguka." Mwingine: "Kiongezwe urefu, miguu yangu haijawahi kulala yote kitandani." Mwingine anataka kishikizo kichwani cha kutundikia redio. Fundi alisema, "Hawa ni watu. Mwongo hawezi kuwaza miguu yake."

Kisha akaniuliza, ameacha randa na ananitazama machoni, "Hiki kitu chako hakidanganyi?"

Nikamwambia, "Hakidanganyi."

Amekopeshwa mbao kwa jina lake, ameita vijana wawili wamsaidie, na kila anayepita anaambiwa, "Yule binti ndiye aliyenifungulia njia." Kiwandani nimewajibu kwamba siji. Nafasi wamempa mtu mwingine.

Sindano wako, fundi wa tovuti (ndivyo Fundi anavyoniita mbele ya watu)


Kambini, 5 Aprili

Sindano,

Salamu nimeziweka mfukoni, nitazitoa siku nyingine. Mzuie Fundi. Kama ameshika msumeno mwambie auweke chini. Hao watu ni sisi.

Niliwaambia wavute mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa kile kitufe cha Agiza. Tukajaza kila kitu kwa ukweli, maana mzigo wa uongo haujaribu kamba. Jina la kweli, namba ya kweli, mji wa kweli. Ulipouliza tunakihitaji lini, tukaandika siku yetu ya kutoka. Nilidhani maombi yanaishia kwako. Nilidhani wewe ndiye uko upande wa pili, unatazama kamba imewashika wangapi. Halikunijia kabisa kwamba kule mwisho yuko mtu na randa.

Domo ndiye mti ulioanguka. Mwenye miguu mirefu ni mpishi. Wa redio ni mimi, kwa jina langu la kitambulisho na laini ya kazini, ndiyo maana hukunitambua.

Simu hazipatikani kwa sababu ziko sandukuni, zimezimwa zote.

Barua yako nimeipata leo. Nimetoka nayo mkononi mpaka kwa msimamizi, nikamwomba niende getini nipige simu moja tu. Hakuinua kichwa.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, bosi."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna. Kuna fundi anatengeneza vitanda."

Hapo akainua kichwa. "Unaniambia nisimamishe ulipuaji, nikutoe mlima mzima mpaka getini, kwa sababu kuna fundi anafanya kazi yake?"

Nilijaribu kumweleza. Nikaona ninavyoeleza ndivyo anavyonitazama kama mtu aliyepigwa na moshi wa baruti. Akaniambia nikanywe maji.

Lori lililoleta barua yako limeondoka wakati mimi naeleza. Hii litaichukua likirudi.

9 Aprili, barua bado ninayo

Lori halijarudi. Mvua imekata barabara, tunakula akiba ya stoo.

Nimewaambia wenzangu wakati wa chakula. Vijiko vikasimama. Domo ndiye wa kwanza kusema.

"Kwa hiyo kitanda changu kipo?"

"Kipo."

"Cha mbao nyekundu?"

"Domo, mtoto wa watu anaharibikiwa!"

"Nimesikia. Nauliza tu kama kipo."

Nikauliza nani kati yetu anaweza kukichukua kweli kitanda chake. Mpishi akasema hana chumba. Familia yake inaishi kwa wakwe. Mwingine akasema kwao ni safari ya siku mbili, kitanda atakibeba kichwani? Kila mmoja alikuwa na jibu lake na yote yalikuwa ya kweli. Hakuna kati yetu mwenye mahali pa kukiweka.


Nyumbani, 11 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Sijapata barua yako, naona mvua huko ni kubwa. Mama anakusalimu. Kaka amepata mafua.

Vitanda vimekamilika. Karakana imejaa, vingine vimesimama nje ukutani vimefunikwa nailoni, na Fundi anapigia randa kazi zake nyingine barabarani chini ya turubai kwa sababu ndani hakuna pa kukanyaga. Mwenye mbao amepita mara mbili, anasalimia na kukaa.

Fundi hatanii tena. Kila asubuhi nikifika anawapigia mmoja mmoja, simu ameiweka sauti kubwa ili na mimi nisikie. Yule mwanamke wa kwenye simu anasema haipatikani. Fundi ananitazama. Anapiga ya pili.

Nimeipekua ile fomu mstari kwa mstari. Nimejiagizia kitanda mwenyewe, ombi likaingia. Nimeagiza kwa simu ya Mama, likaingia. Haina kosa. Ndilo linalonitisha, Mjomba, kwa sababu ingekuwa na kosa ningelirekebisha.

Wewe uliniambia ukweli mara ya kwanza. Niambie tena. Nimekosea wapi?

Sindano


Kambini, 17 Aprili

Sindano,

Lori limefika limejaa tope mpaka kwenye vioo. Limeniletea barua yako ya tarehe kumi na moja, na linachukua hii pamoja na ile niliyoanza tarehe tano. Dereva anapiga honi.

Hujakosea popote. Isome ile nyingine kwanza.

Mjomba wako


Nyumba ya mapumziko, getini, 3 Mei

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa dada, na kaka yako apone mafua.

Tumetoka leo, mvua imetuchelewesha. Kabla mlinzi hajamaliza kugawa simu kila mtu alikuwa anatafuta namba ya Fundi Chaga. Nilisema nianze mimi, nimwombe radhi kwa niaba ya wote. Lakini Domo ana domo, akawahi. Akaweka sauti kubwa.

"Fundi, mimi ndiye mti ulioanguka."

Halafu sauti ikasema taratibu, "Kitanda chako kiko tayari. Nimekiwekea chaga mbili za ziada katikati. Unakuja lini?"

Domo akanitazama. "Bwana, mimi… nilikuwa najaribu tu."

"Ulikuwa unajaribu nini?"

Domo alishika simu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiye wake, kisha akaikata.

Nikapiga mimi, inatumika. Mpishi alikuwa ameshaingia upande wake, na wa tatu, na wa nne, kila mtu anataka kutubu kabla ya mwenzake. Mpaka zamu yangu inafika, Fundi alikuwa amezima. Nimepiga mchana kutwa. Sasa yeye ndiye asiyepatikana.

Wewe nimekupigia ukaacha ikaita. Nikampigia dada. Nikamuuliza Sindano yuko wapi, akasema yuko kazini. Kazi gani? Akasema, "Huko kwenye sabuni. Wamemchukua kibarua cha kutwa, nafasi yenyewe ilishapewa mtu." Nikauliza unasemaje. Dada akasema, "Hasemi."

Tumechangishana hapa kila mtu alichonacho, nimekitumia kwa dada akampelekee Fundi. Ni kama kufukia handaki kwa kijiko cha chai, najua. Nyumbani siwezi kufika. Ruhusa ingeisha nikiwa njiani.

Ningeweza kukuandikia mengi ya kukutuliza lakini nikiyasoma mwenyewe hayanitulizi.

Mjomba wako


Nyumbani, 20 Mei

Mjomba,

Barua zako zote zimefika. Mama hajambo.

Ile ya tarehe tano Aprili nilimpelekea Fundi siku chache kabla hamjampigia, nikamsomea mwenyewe, mbele ya mwenye mbao. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Nilikuuliza kama hakidanganyi."

Nikasema, "Hakikudanganya. Kilileta walichoandika."

Akasema, "Basi kiondoe."

Vitanda anauza kimojakimoja kwa wapita njia, kwa bei ya kuni. Kile kirefu hakuna anayekitaka. Vyumba vya watu ni vidogo. Mchango wenu aliupokea, akaukabidhi hapo hapo kwa mwenye mbao. Kule kwenye chama cha mafundi sisi tuna jina sasa. Kama kuna wafanyakazi hewa, basi na vitanda hewa vipo, na mimi ndiye binti wa vitanda hewa. Mmoja aliniuliza kama naweza kumtengenezea mke kwa njia hiyo hiyo. Walicheka sana. Hata mimi nilicheka, sikujua nifanye nini na uso wangu.

Kuna jambo sikukuandikia. Barua yako ya Machi ilikuwa na tarehe juu yake, na iliandika kwamba kesho mtaingia wote. Maombi nayo yalikuwa na tarehe. Niliziona zote mbili mezani, Mjomba. Nikaigeuza barua yako uso chini, nikaenda kumwambia Fundi aanze.

Kiwandani nasimama kwenye mkanda, sabuni zinapita nazipanga kwenye boksi. Mama anasema siku hizi nanukia vizuri.

Kwa sasa naomba usiniandikie.

Sindano


Nyumbani, 2 Juni

Mjomba, shikamoo.

Najua nilikuambia usiniandikie, na umenisikia. Sasa nakuandikia mimi. Mama anasema nisipokusalimu vizuri atakuja kunishikisha kalamu. Goti lake limepona kabisa, kwa hiyo ni kitisho cha kweli.

Fundi aliniambia niiondoe tovuti. Nilimjibu nimeiondoa. Sikuiondoa. Sikuwa na sababu, niliiacha tu kule, kama mtu anavyoacha taa.

Juzi limeingia ombi. Kitanda kimoja, cha watu wawili. Mtu wa mji wa mbali, jina lake geni kwangu. Ameandika hivi: "Mama anatoka hospitali tarehe 15 Juni. Hawezi kupanda kitanda kirefu. Kiwe kifupi, pembe zisiwe kali, na kiwe na mahali pa kushika anapoinuka. Nitakuja na gari tarehe 14."

Nimepiga namba yake asubuhi, nikapiga wakati wa mapumziko ya kiwandani, nikapiga jioni. Haipatikani.

Mjomba, limeandikwa kama mlivyoandika ninyi. Hivyo hivyo. Mtu anayewaza mwili wa mtu. Nimekaa nalo siku mbili na siwezi kulipeleka. Nikimpelekea Fundi ombi moja zaidi la mtu asiyepatikana, hatanifukuza, ni mpole mno. Ataniangalia tu, na mimi siwezi kuangaliwa vile tena. Nisipolipeleka, na mtu huyo yupo, atafika na gari lake na mama mgonjwa, na mimi ndiye niliyekalia kitanda chake. Hapo tena sitakuwa na la kusema kuhusu kazi hii maisha yangu yote.

Najua simu zenu ziko sandukuni. Lakini yule aliyeumia mguu yuko kwao, na huenda kuna mwingine aliyemaliza mkataba. Je, ni mmoja wenu? Kama ni utani, sitakasirika, niambie tu. Kama ni mtu anayetaka kunifurahisha kwa huruma, niambie pia. Nitalifuta, na tovuti nitaifuta, nitapumzika.

Na kama si ninyi, niambie upesi.

Mpwa wako


Kambini, 11 Juni

Sindano,

Shikamoo yako nimeipokea kwa mikono miwili. Dada na goti lake Mungu awaweke.

Barua yako imefika leo mchana na nimeshamuuliza kila mtu. Nimewafuata walioko chini na walioko juu, nimewaamsha wa zamu nyingine wakanitukana. Si sisi. Tangu Mei hakuna aliyegusa simu. Aliyemaliza mkataba ni mmoja tu, naye hajui kuandika, hata ile ya kwanza nilimjazia mimi. Aliyeumia mguu aliondoka kabla hujaniletea hiyo linki, hajui hata kama una tovuti. Domo ameapa kwa mama yake, kisha akaapa tena kwa mashine, ambayo anaiheshimu zaidi. Akasema, "Mwambie sina mama hospitali, na ningekuwa naye nisingetania."

Si sisi, Sindano. Huyo ni mtu. Amekuja mwenyewe, kwa ile njia uliyoijenga wewe, na simu yake labda imezimika chaji kwenye korido ya hospitali.

Nimekwenda tena kwa msimamizi. Aliponiona tu akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, kuna mtu anataka kitanda. Safari hii alicheka mpaka akafuta macho, akawaita wengine nirudie wasikie. Nikarudia. Nilidhani wakicheka vya kutosha wataniruhusu, hawakuniruhusu.

Dereva nimemkuta anafunga turubai, lakini anaelekea juu, kwenye kambi ya pili. Atapita hapa Ijumaa akishuka, mto ukikubali. Mto umeanza kupanda tangu asubuhi. Nimemwambia akifika tu penye mtandao akupigie, aseme maneno mawili. Amesema ataona, simu yake nayo iko sandukuni.

Mpelekee Fundi hilo ombi. Mpelekee leo, akikutazama akutazame, simama. Usiingoje barua hii, maana tarehe 14 haingoji mto.

Mjomba wako